Ndoto ya Yaya Kasongo

Mjukuu wangu Mwamba,

Pokea salamu za Lubumbashi. Goti la bibi yako limepata nafuu, na dada yako ameanza masomo ya chuo kikuu kule Kasapa.

Unaniuliza kama katika riwaya yako ya falme na majini, yule ndugu mdogo lazima afe, kwa kuwa kaka yake ameshaota kifo chake.

Ujanani nilichimba shaba Kambove, katika udongo wake wa kijani. Asubuhi moja yaya Kasongo, kaka yangu mkubwa, aliamka akanijia.

"Niliota udongo wa kijani unakufunika," akaniambia. "Ulikuwa umelala tu, kama mutoto."

"Ni ndoto, yaya. Miye naenda."

"Basi tunaenda wote."

Yeye aliyeogopa mashimo akaketi juu ya shimo langu, ameshika kamba niliyojifunga kiunoni. Ukuta ukaporomoka. Nikazama polepole katika rangi ile ya kijani, kimya, bila hofu, kama anayesinzia. Kisha kamba ikanivuta.

Nilipofumbua macho, yaya alikuwa analia.

"Yote niliyaona," akasema. "Lakini miye mwenyewe sikujiona mule ndotoni."

Waache ndugu wa riwaya yako waote ndoto, Mwamba. Halafu tazama mkubwa ataketi wapi akishaamka.

Babu yako anayekuwaza,
Kabwe