Jiwe Langu na Mlango wa Kuzuia Moto

Mshauri, naomba msaada, na ujue kuomba si kawaida yangu, nimelea watoto na kuzika mume bila kumuuliza mtu njia. Naishi ghorofa ya tatu, mdogo wangu wa tumbo moja yuko ghorofa hiyohiyo, miguu imemkataa, halafu katikati ya korido wametupachikia mlango mzito kama adhabu, unajifunga wenyewe, wanasema ni wa kuzuia moto, mimi niko upande wa ngazi yeye upande wa ndani, sasa akigonga kikombe ukutani nitamsikiaje, na nikibeba sufuria ya uji niusukume kwa meno? Nikaweka jiwe langu la kusagia, ukakaa wazi, tukaishi. Mwangalizi wa jengo, mtoto wa juzi tu, akiliondoa nalirudisha, nikamwambia, "Wewe mlango umeusomea, mimi huyu mdogo wangu nimembeba mgongoni kabla mama yako hajazaliwa." Sasa juzi pazia la jikoni kwa jirani wa chini likashika moto, moshi ukapanda ngazi, ukapita hapo kwenye jiwe langu kama mgeni aliyekaribishwa, ukamkuta kitandani, akakohoa mpaka akatapika, watu wakamtoa kwa shuka. Kapona. Lakini kaniambia mbele za watu, "Dada, toa jiwe lako." Mimi! Tangu hapo uji nampelekea, simsemeshi. Nimechoka. Nani kakosea?

Bibi wa Ghorofa ya Tatu

JIBU

Shikamoo Bibi. Jibu unalo, ndiyo maana humsemeshi. Umekosea wewe.

Najua mikono imechoka. Na huyo mwangalizi naye kakosea, kuondoa jiwe kila siku bila kuuliza limewekwa kwa nini. Lakini moshi huua kabla moto haujafika. Wewe utashuka ngazi kwa miguu yako. Yeye atasubiri kubebwa, na atasubiri akiwa hai kama mlango umefungwa.

Basi jiwe lirudi jikoni leo. Wala usiweke ndoo, wala kigoda, wala usiufunge kwa kamba, nakujua. Mwambie mwangalizi alete fundi aurekebishe ule mkono wa chuma wa juu unaouvuta mlango ujifunge, mlango usukumike kwa bega la mzee lakini bado ujifunge wenyewe mpaka mwisho. Wakitaka kuung'oa mkono huo, wafokee, kufoka unakuweza. Tafuta kengele isiyo na waya, kitufe kitandani kwake, mlio chumbani kwako. Uji utie kwenye chupa yenye mpini, mkono mmoja ubaki huru. Patana na majirani wa upande wake nani atambeba. Moshi ukija tena, piga simu zimamoto, ushuke, usirudi kuufungua mlango huo.

Na mdogo wako hakukuvunjia heshima, Bibi. Aliyelala akiutazama moshi ukiingia ni yeye. Kesho mpelekee uji, uache mlango ujifunge nyuma yako. Akiusikia umejifunga, atajua umemjibu. Kisha kaa, mzungumze.