Presha Niliyomzushia Mama Mkwe

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku mlimani, juu ya Moshi, nikiwa nimevaa sweta la mume wangu juu ya sweta langu, maana ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na vidole vinakataa kushika kalamu. Goti linaendeleaje? Mikorosho ya nyuma ya nyumba imetoa maua? Sisi hapa wazima wa mwili. Mjukuu wako Upendo yuko darasa la kwanza sasa, meno ya mbele yamemng'oka lakini kula anakula. Baba yake yuko juu mlimani na wageni wa kutalii, kazi ni ileile ya upagazi: anapanda, anashuka, anaoga, anapanda tena.

Tabu mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Msomee kwa sauti kubwa, karibu na sikio, lakini kwanza funga mlango. Ninachotaka kusema ni aibu tupu, na sitaki Masasi nzima ijue kabla mama hajajua.

Mama, nimemzushia mama mkwe ugonjwa. Ndiyo, umesikia vizuri. Yule mama aliyenipokea mimi mtu wa kuja, nisiyejua hata ng'ombe anashikwa wapi, akanifundisha bila kunicheka, nimemlaza kitandani kwa mdomo wangu akiwa mzima wa afya. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Hapa asubuhi mama mkwe ndiye anayekamua. Kazi yangu ni kubeba dumu la maziwa mpaka kituo cha kukusanyia, kisha kumfikisha Upendo shuleni kabla ya kengele. Njia ni hiyohiyo moja, na muda unatosha kabisa. Tatizo ni mimi. Pale kituoni wanakutana wanawake wote wa huku, na unanijua nilivyo nikipata watu wa kuongea nao. Nyumbani mama mkwe ni mtu wa maneno machache, mume hayupo siku nyingi, na jirani wakija wanaongea Kichagga, nami nabaki kutabasamu kama zuzu. Kituoni wananiongelesha Kiswahili, wananitania, wananiita Mmakonde hata nikiwaambia mimi ni Mmakua, wananiuliza kama kweli kwetu tunakula panya. Na mimi nawajibu! Nawaambia panya wa porini ana mafuta kuliko mbuzi wao wote. Hapo maziwa yameshapimwa, dumu limeshasuuzwa, Upendo ananivuta kanga, "Mama, kengele," namwambia subiri kidogo, na hicho kidogo hakiishi.

Tukifika, geti limefungwa. Utaratibu wa shule yao ni kwamba mtoto aliyechelewa anasubiri nje na mzazi wake mpaka mwalimu wa zamu aje, na mzazi ajieleze palepale, watoto wengine wakisikiliza. Mwalimu mwenyewe ni Mwalimu Aikande, mama mpole, tena anasali jumuiya moja na mama mkwe. Siku ya kwanza akaniuliza, "Mama Upendo, kulikoni?" Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nasimulia habari za panya? Maneno yakaniponyoka: "Mama mkwe hakuamka vizuri, mwalimu." Akasema masikini, mpe pole, akafungua. Mama, geti lilifunguka kirahisi mno.

Basi nikanogewa. Mara nyingine nikasema miguu imemvimba. Baadaye nikasema ni presha, haamki kabisa. Upendo alikuwa amenishika mkono, akaninyanyulia macho. Mchana wake akaniuliza, "Mama, mbona bibi anatembea?" Nikamwambia presha ni ugonjwa wa ndani kwa ndani, mtu unamwona mzima kumbe anaumwa, na asije akamwuliza bibi maana atamtia hofu. Hilo nalo nililisema kwa mdomo huuhuu. Niliogopa asije akaniumbua getini.

Sasa mama, watu wa huku wakisikia mgonjwa hawakai nyumbani. Mwezi uliopita, alasiri, nachambua maharage uani, nikasikia wimbo wa kanisani unakuja kwenye njia ya migombani. Kutoka, naona akina mama wa jumuiya wamejipanga, Mwalimu Aikande mbele, mmoja ana mkungu wa ndizi kichwani, mwingine amekumbatia hotipoti ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wanaompikia mgonjwa na mama aliyejifungua. Wanaimba taratibu, kwa huruma. Nikajisemea, jamani, nani anaumwa huku jirani? Sijamaliza kujiuliza, nikamjua mgonjwa.

Na mgonjwa mwenyewe akatokea upande wa bondeni, peku, panga mkononi, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani mkubwa kuliko mlango. Wimbo ukakatika. Mama mkwe akawatazama wageni, akautazama mtori, halafu akanitazama mimi. Uso wangu sikujua niuweke wapi.

Mwalimu Aikande akasema, "Mama, tuliambiwa presha imekulaza."

Mama mkwe akautua ule mzigo polepole. Akajishika kiuno. "Imenilaza kweli, wanangu. Leo ndiyo nimepata nafuu, nikasema nijinyooshe kidogo."

Mama, huyu ni mzee wa kanisa. Huyu hata maziwa ya kupeleka kituoni hajawahi kuyaongeza tone la maji. Akaingia ndani, wakamfunika blanketi, wakamlisha mtori kijiko kwa kijiko, wakamwombea, naye akaitikia amina huku anatazama chini. Mimi nilisimama mlangoni na birika mkononi mpaka chai ikapoa. Kila waliposema "Bwana umwinue mama yetu" nilisikia kama wananichapa.

Walipoondoka hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Alilikunja blanketi, akasema, "Ng'ombe hawajala," akaenda bandani. Tangu hapo akawa ananijibu salamu tu, basi.

Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia Mama Kelvin, mwenzangu wa kituoni. Akasema, "Wewe umeolewa Uchaggani, mpelekee isale." Isale ni mmea wenye majani marefu wanaoupanda mipakani mwa mashamba. Ukimkosea mtu ukamshikisha jani lake, hatakiwi kukunyima msamaha. Nami mtu wa kuja nikachukua panga, nikafyeka shina zima na matawi yake, nikalibeba begani kama kuni. Mama mkwe aliponiona akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Jani moja linatosha, mwanangu. Unataka kuhamisha mpaka?"

Nikapiga magoti, nikalia, nikamweleza yote mpaka soga za panya. Akaninyanyua. Akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini si mimi uliyenikosea zaidi. Mtoto anakuja kitandani kwangu kila asubuhi nikijinyoosha baada ya kukamua, ananiwekea sikio kifuani, halafu anaondoka. Nilidhani ni mchezo. Sasa nimejua alikuwa anasikiliza nini."

Wiki zote hizo asubuhi nilikuwa namfokea Upendo, "Unazubaa nini huko ndani, utatuchelewesha!" Kumbe anaangalia kama bibi yake bado yu hai. Na mimi ndiye nimemkataza asiulize.

Nilimkuta nyuma ya jiko anawapa kuku pumba. Nikachuchumaa, nikampa jani. Analijua, ni mtoto wa huku huyu. Nikamwambia bibi haumwi, hakuwahi kuumwa, mama alisema uongo kwa sababu alichelewa kwa kupiga soga. Nilitegemea atafurahi. Akaligeuzageuza lile jani. Kisha akauliza, "Na baba yuko mlimani kweli?"

Nikasema kweli kabisa.

"Na bibi wa Masasi, yupo kweli?"

Mama, niliapa. Nikamwambia, "Yupo, ana mikorosho, alinibeba mgongoni, jina lako la pili ni lake." Akasema, "Mbona sijawahi kumsikia?" Ningemweleza nini? Kwamba simu huisikii, na safari ya huko kila mwaka tunasema mwakani? Yote ni kweli, lakini yalikuwa yanatoka kwenye mdomo uleule.

Kesho yake nilimwambia Mwalimu Aikande ukweli, palepale getini, wazazi wengine wakiwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, nimesikia," akamshika Upendo mkono akaingia naye. Sasa tunafika kengele haijapigwa. Dumu nalitua kituoni, nasalimia, natembea, wenzangu wanabaki wanacheka bila mimi. Lakini Upendo hajarudi kuwa yule. Nikimwambia uji umepoa, anaugusa kwanza kwa kidole. Nikimwambia nipo hapa nje, anatoka kuhakikisha. Ana adabu zake zote, hanijibu vibaya, ila haniamini, na ndiyo kwanza ana miaka saba.

Mnisalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi mkubwa, na mama jirani aliyenizalisha Upendo kwa kunituliza kwenye simu nikiwa leba huku. Mama mkwe anakusalimu sana. Nilimwambia nakuandikia, akauliza kama nitaandika yote, nikasema yote.

Tabu, nina ombi moja. Ukimaliza kusoma, chukua simu yako, umrekodi mama akiongea na Upendo, amwite kwa jina, unitumie. Na wewe mama, najua moyo wako, utataka kunitetea, utataka kumwambia mama yake ni mtu mzuri na tangu utoto hakuwa mwongo. Usiseme hivyo. Bibi mwenzako huku amekwishasema uongo kwa ajili yangu na inatosha. Usinisifie hata kidogo.

Mwambie tu kwamba upo.

Mwanao,
Rehema