Barabara Iliyokuwa Nyekundu

Alhamisi, 7 Machi
Rozari, kisha chai. Mvua tangu jana, mbugani kwenye tope jeusi maji matupu. Mkwe wangu Masanja kapita na teksi yake. Mimba ya mwanangu Pendo iko ukingoni. Kaniwekea ramani kwenye simu: siku wakitoka kwao Bulyanhulu, wakipitia hapa Segese kwenda hospitali Kahama, nitaona kidoti chao. Barabara ikiwa nyekundu, ni foleni. Nikamwuliza nani anasimama njiani kuyapima magari. Kacheka, kaangalia chini kwa adabu ya mkwe. "Hakuna mtu, mama. Simu za walio barabarani ndizo zinasema mwendo." Ajabu. Moyo umetulia.

Ijumaa, 8 Machi
Kulwa, mwana wa jirani yangu, kagongwa na lori akiwa na bodaboda yake. Nimempikia Mama Kulwa uji. Hakugusa.

Jumamosi, 9 Machi
Tumemzika. Bodaboda wote wa Segese walimsindikiza, matawi kwenye usukani, mwendo wa kinyonga. Kumkimbiza maiti ni kumfukuza. Sisi akina mama nyuma, juu ya pikapu. Barabara nzima yetu.

Tukiwa bado barabarani, Masanja akapiga simu. Pendo kashikwa uchungu, wako njiani. Nikafungua ramani. Kidoti kinakuja mbio. Nikasema moyoni watatukuta, tutawapisha. Kabla ya Segese kikakata kona, kikaingia mbugani. Kikasimama. Nimeimba wimbo wa maziko nikikitazama. Hakikusogea tena. Nikipiga, hapatikani.

Jumapili, 10 Machi
Sikwenda misa. Mtoto kafa. Wa kiume. Kazaliwa garini, tope hadi milangoni. Hakulia. Pendo mzima, yuko hospitali, kageukia ukutani.

Jumatatu, 11 Machi
Masanja kaja. Leo kanitazama usoni.
"Mama, mbele ilikuwa nyekundu tupu. Nikajua lori limeziba njia. Simu ikanipa njia ya mbugani. Palikuwa na nini Segese?"
"Msiba," nikasema.
Akakaa chini, palepale kwenye matope.

Foleni ilikuwa sisi. Simu za vijana wale, na yangu mkononi, imewashwa ili nimwone mwanangu. Zilisema tunakwenda polepole. Hazikusema tunazika. Hazikusema tungepisha. Nani asimpishe mwenye uchungu? Hata jeneza tungeliweka kando.

Mungu wangu, ulikuwa unatazama nini? Nimeandika. Sifuti.

Jumatano, 13 Machi
Siwezi kusali. Midomo inakwenda, basi.

Alhamisi, 14 Machi
Pendo yuko kwangu. Maziwa yanamtoka, hayana mnywaji. Simu nimeizima, iko chini ya kanga kabatini.

Mama Kulwa kaja na uji. Yeye, mwenye kaburi bichi. Kamshikia Pendo kikombe mpaka kimefika nusu. Tukatoka nje, akanishika mkono.
"Mayu, mama yangu, barabara ipo. Ilikuwaje wakapita mbugani?"
Bado anawasifu vijana walivyomsindikiza mwanawe polepole, kama mtu mkubwa. Ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho.
Nikamwambia ni mvua.