Mama Mkwe na Maneno Marefu

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kanifuata jikoni, kafunga mlango. Anataka nimfundishe kusoma Kiingereza. Yeye! Kiswahili hakimpi shida, gazeti halimpiti. Lakini mwezi huu anakwenda ng'ambo kwa wifi yangu, anayekaribia kujifungua, na njiani lazima abadilishe ndege peke yake. Mume wangu keshamwombea kiti cha magurudumu na mtu wa kumsukuma. Mama hataki. Miguu anayo, anasema, kinachomshinda ni vibao.

Nimekubali. Ningekataaje? Nafundisha darasa la kwanza. Mkwe sijawahi.

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza, mezani. Nimeandika TRANSFER. Akasoma bila woga: tra-ni-si-fe-ri. Kila konsonanti kaipa irabu yake, kama Kiswahili kilivyomzoesha. Shuleni ningesema, rudia. Kwa mkwe — nikakohoa. Akaendelea. Nikakohoa tena. Akavua miwani.

"Mwanangu, ukikohoa mara nyingine nakupeleka hospitali. Nikikosea, sema nimekosea."

Basi nikasema. Tafuta irabu kwanza, tia nukta chini yake. A, kisha E. Irabu mbili, vipande viwili. Trans. Fer. Akalitamka polepole, akacheka peke yake.

Jumamosi, 8 Machi

BAGGAGE. Nimemweleza kwamba konsonanti mbili zikibanana katikati ya irabu, tunazitenganisha. Akazitazama zile G.

"Kumbe wake wenza. Kila mmoja apewe nyumba yake."

Bag. Gage. Miaka yote nafundisha jambo hili kwa makofi na chaki za rangi, sijawahi kulisema kwa ufupi hivyo. Ningewaambia watoto darasani, ila wazazi wao watanijia juu.

Ile E ya mwisho imemuudhi. Kaitilia nukta, nikamwambia haisomeki. "Sasa imekaa hapo inafanya nini?" Nikachukua kifutio, nikaifuta nukta yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba nzima vibao. DEPARTURE kwenye friji, IMMIGRATION mlango wa bafu. Mume wangu karudi kazini, kavitazama, kaanza: tunamchosha mama yake, utu uzima una mipaka yake, na akipotea huko tutamtafuta wapi?

Mama hakubishana. Kachukua karatasi ya tiketi, kaweka kidole. Con. Nec. Tion — na hiyo ya mwisho kaisema "shen" safi kabisa. Akashuka mstari wa pili, kwenye "passenger", akaisoma G kama ya "gari". Mume wangu akamsahihisha, taratibu. Akavuta kiti. Nilipomaliza kuosha vyombo nikawakuta bado, mama anakata maneno, mwana kashika kalamu.

Kabla ya kulala mume wangu akaniambia kesho atapiga simu, ile huduma ya kusukumwa waifute.

Jumapili, 23 Machi

Mama kaondoka jana. Mchana huu simu — yuko kule anakobadilishia ndege. Sauti shwari. Anasema mbele ya ndege yake kwenye ubao pametokea neno jipya, hatukulisoma.

"Nitajie herufi, Mama."

Linaanza na R, E. Mwisho analitambua, E na D. Katikati ndiko kumejaa: S, C, H, tena E, D, U, L. Nikalijua papo hapo: ndege imepangiwa saa nyingine. Mume wangu ananisukuma bega, mwambie, mwambie. Nikafungua mdomo.

"Usiniambie," akasema Mama.

Nyuma yake magurudumu ya masanduku, tangazo lisiloeleweka. Kisha yeye, chini chini: "Re... sked..." Halafu kimya. Simu haikukatika — ameikata mwenyewe.

Mume wangu anazunguka sebuleni. Anasema tulikosea kukifuta kile kiti. Anapiga, Mama hapokei. Mimi naandika ili nisiione simu. Lakini ukimya ule naujua. Ni wa mtoto aliyekunja uso juu ya neno, anakaribia. Ukimtajia wakati huo, umemwibia.

Mume wangu anataka kupiga tena. Nimemshika mkono. Mwache mama yako asome.