Vumbi ya Kolwezi ku Muguu ya Robot

Jumapili, 10 Agosti 2025

Gundi haijakauka, na juu ya gundi mbichi habapake rangi. Njo maana naandika. Robot yangu ya kuchezea sasa inageuka kamion ya mine, ile ya machimbo! Ilitoka Lubumbashi njano yote, plastiki ya bure, inageuka grue ya kuinua mizigo. Grue ya nini? Nimekata benne ya kubebea mawe mu bidon ya mafuta, nimeibandika ku mugongo. Kamion ya kwetu.

Yaya Hamadi, mukubwa wangu, alipita kuchungulia. Yeye iko na kamion ya kweli, inaenda Sandoa kuchukua mihogo. Asema: ya kwangu imekatika lame, chuma cha chini, weye unatengeneza ya batoto? Nikamujibu: ya kwangu haiombe mafuta ya mazout.

Jumanne, 12 Agosti

Ku garage ninapotumika bananipatia tu kuandika namba ku milango ya magari. Kupaka gari nzima, ati ni kazi ya banaume — ya Lucien, mupakaji wa pale. Basi nilijifunza mwenyewe, kwa kuangalia namna pistolet yake ya kupulizia rangi inapita.

Lucien iko pia mu kikundi chetu cha batu ba kutengeneza barobot. Jumamosi hii ni concours, mashindano yetu, kwa Mama Blandine, mu salon yake ya nywele. Sheria ni moja: robot igeuke gari mu mikono ya mwenyewe, mbele ya batu, bila kutoa kipande. Ya mushindi inakaa mu vitrine, kioo ya mbele ya salon, mwaka muzima, kila mutu anapita anauliza nani aliipaka. Mwaka jana rangi ya peinture ilijaa mu jointure ya yangu, pale mukono inajikunja; nilipoigeuza, mukono ikaruka mpaka mu bakuli ya shampoo. Tangu pale Lucien ananisalimia: yambo, Mama Bipande.

Mwaka huu nimepiga hesabu. Kila couche ya rangi inakula nafasi. Couche tatu kila upande, njo sita mu jointure moja. Nimekwangua plastiki kadiri ya sita kabla ya kupaka. Anisalimie tena!

Alhamisi, 14 Agosti

Inageuka! Tak, tak, tak — robot, kamion, robot. Sikula.

Lakini ni safi sana. Kamion safi mu Kolwezi, kiangazi hivi, nani aliiona? Nikaenda kuchota vumbi ya njia ya mutaa Kasulo, ile nyekundu, nikaichekecha mu soksi ya nailoni, nikaipuliza juu ya verni mbichi, ile ya kufunika rangi. Muzuri mpaka nikapiga makofi peke yangu.

Yaya Hamadi akapitisha kidole ku benne, akaangalia kidole. Hakuna kitu: vumbi imeshikwa na verni. Akacheka mpaka akakaa chini. Asema hata kikohozi anaisikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Muguu ya kushoto inalia. Krrr. Inafika katikati, inasimama.

Nilihesabu peinture. Nilihesabu verni. Vumbi sikuhesabu.

Kukwangua sasa ni kuharibu rangi yote. Kesho ni concours.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika mu kiti ya salon, chini ya casque ya kukausha nywele. Mama Blandine ametoa pause, mapumziko kidogo, batu banakunywa soda ya sucré.

Nilipoiweka ku meza, kelele! Mama mumoja akaipuliza eti vumbi itoke. Mwamuzi ni Tata Mpoyi, aliendesha kamion za mine mpaka pension, mpaka kustaafu. Akavaa miwani, akainama. Kisha: "Hii niliiendesha, mwanangu."

Nikaanza kugeuza. Benne, sawa. Mikono, sawa. Muguu ya kuume, sawa. Ya kushoto — krrr. Ikakwama katikati. Tata Mpoyi asema: "Usilazimishe. Pumzika, utamaliza kisha ya pause."

Nikilazimisha, inavunjika. Nikitia mafuta, muguu itageuka — lakini mafuta na vumbi ni matope, itatoka inje, itatia doa mpaka ku benne, pale batu bananyoosha vidole.

Halafu Lucien akakuya pembeni yangu. Nikangojea Mama Bipande yake. Akaniuliza polepole: "Vumbi uliishikisha namna gani?"

Nikamwambia. Hata soksi nikamwambia. Akatikisa kichwa. Asema iko na mafuta mu sindano, tone moja tu, anajua kuiweka ndani isitoke inje. Lakini haahidi.

Nimesema ndiyo. Iko anatafuta sindano mu mufuko yake. Tata Mpoyi anaita batu bakae. Mi nacheka chini ya casque kama mwenye wazimu, na Lucien njo ule anarudi, ameinua sindano juu, anaomba njia.