Namba 404 kwenye ukuta wa parokia

Tekla, acha unachofanya. Winfrida wetu leo kaaibika mpaka jasho limemtoka kwenye baridi yote hii ya Mgeta!

Si alitengeneza tovuti ya kikundi chao cha mboga? Leo kaja mnunuzi kutoka Dar. Akiridhika, anachukua kabichi zote za msimu. Wamekaa ukumbi wa parokia, projekta inamulika ukutani. Winfrida anabonyeza "Mazao Yetu"... ukuta mzima: 404.

404, Tekla!! Asubuhi alibadilisha anwani ya ukurasa, kiungo akakisahau. Kinaita ukurasa ambao haupo tena, na kompyuta husema hivyo kwa namba hiyo.

Sasa sikia. Nusu ya kikundi ni wanakwaya. Wao wakiona namba ukutani, ni wimbo. Mama Paskalia, mwalimu wao, kapekua kitabu chake cha nyimbo: "Mia nne na nne. Tusimame!"

Wakasimama. Na mnunuzi kasimama!

Wameimba beti zote tano. Winfrida kainamia kompyuta, anarekebisha kiungo. Ubeti wa mwisho unaisha, kabichi hizo hapo ukutani. Makofi!

Halafu Mama Paskalia kamvuta pembeni: "Mwanangu, siku nyingine usituwekee namba tupu. Weka na maneno, wenzangu hawakuja na vitabu."