Sumu Ambayo Haikuwepo

Bunia, Nyakasanza
Tarehe 6 Juni 2024

Mpendwa yaya Divine, dada mukubwa wa bwana yangu,

Nakusalimia weye na nyumba yako yote kule Kisangani. Natumaini Mungu amewachunga, na mutoto aliyekuwa na malaria amepona. Siye huku tunapumua.

Mama mukwe, mama yenu Joséphine, ametoka hospitali. Anatembea mwenyewe, na choo yake haina damu tena. Nataka uelewe ilivyokuwa, maana bwana yangu Lambert hawezi kukueleza yote.

Unajua vile mama alikuwa anapoteza damu miezi yote ile. Walipitisha kamera kinywani, wakapitisha na chini, hawakuona kitu. Ndipo ulimupigia Lambert simu, ukasema watu wote wakisikia: "Mama asikule tena kitu ya mukono wa Ornella. Ile ni sumu." Nilikuwa nimesimama pale, yaya. Nikamuangalia Lambert. Akainamisha kichwa.

Hata damu yangu ilikataliwa. Hospitali walisema inafaa kuongezewa mama, lakini Lambert akaniambia, "Acha kwanza. Watu watasema nini?"

Mwishowe Docteur Eugène akamupasua. Alitueleza nyuma ya upasuaji: alifungua tumbo, akatoboa utumbo mwembamba, akaingiza kamera mule. Akawa anausogeza utumbo kwa mikono, polepole, wamezima taa ili mwanga wa kamera uonekane. Mbali kabisa, pale kamera za kwanza hazikufika, akakuta mishipa midogo inavuja. Akakata kipande kile, akashona. Lambert akauliza kama ni sumu.

"Hapana," docteur akajibu. "Ni mishipa yake yenyewe iliharibika. Hakuna mutu alimufanyia kitu."

Nilifikiri maneno yameisha. Mama aliporuhusiwa kula vizuri, akaomba sombe yangu, yale majani ya muhogo. Nikapika, nikaleta. Kabla mama hajagusa, Lambert akachukua kijiko, akaonja yeye, akangoja.

Mama akamuona. Akamunyang'anya sahani, akala yote.

Mimi nikafunga nguo zangu. Sasa niko kwa kaka yangu Lucien. Mama anakuja kuniona, anakaa na mimi mpaka jua linashuka. Lambert hajafika. Weye pia hujapiga simu.

Unisalimie shemeji Willy, bwana yako, na mutoto Orly. Mungu awape amani, na mama azidi kupata nguvu.

Ni mimi niliyekupenda kama dada wa tumbo moja,
Ornella